JINA LA TAJIRI LAZIMA LIJULIKANE



Wako watu wasemao ya kwamba habari za kuandikisha biashara na kukata leseni ni habari za matajiri, na ya kwamba chama cha wafanyakazi kikiingia humo kimeacha kazi yake. Sisi hatukubali. Cheti kilichotundikwa ukutani ni cha tajiri, lakini jina lililoandikwa juu yake lina haja kwa mfanyakazi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Asiyejua jina la kisheria la aliyemwajiri hana wa kumdai siku ya kudai.

Tuna sababu ya kuandika haya. Mara kwa mara huja ofisini kwetu mwenzetu aliyeachishwa kazi bila mshahara wa mwezi wa mwisho, bila notisi, bila malipo ya likizo. Karani humwuliza swali la kwanza: tajiri wako ni nani? Naye hujibu kwa jina la kibao kilicho juu ya mlango, au kwa jina la utani, au husema ni yule kijana aliyekuwa akiwatumia pesa kwa simu kila Jumamosi. Si kosa lake; hayo ndiyo aliyoonyeshwa. Walakini Afisa wa Leba hawezi kuliandikia barua jina la utani, wala mahakama haiwezi kuamuru namba ya simu ilipe deni. Tena kuna baya zaidi. Mwenzetu huyo akirudi dukani hukuta kibao kimeshushwa, rangi mpya imepakwa, na nyuma ya meza amekaa mtu mwingine asemaye kwa adabu kabisa, "Mimi nimeanza biashara juzi tu, ndugu yangu, sikujui." Miaka ya jasho imetolewa kwa mlango wa nyuma pamoja na kibao.

Wafanyakazi wa Mombasa wapaswa kulielewa jambo hili upesi, maana wazee wetu waliijua nguvu ya daftari. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake, jina la bwana wake, mshahara wake, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachwa. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kibati ikaninginizwa shingoni. Tajiri aliweza kumjua mfanyakazi kwa kutazama karatasi moja. Mfanyakazi hakupewa karatasi ya kumjua tajiri.

Wala si kipande peke yake. Tangu sheria ya mwaka 1937 vyama vya wafanyakazi katika Kenya vimetakiwa viandikishwe. Mwaka 1949 Makhan Singh na Fred Kubai walipounda muungano wa vyama vya Afrika Mashariki, Serikali ya kikoloni ilikataa kuuandikisha. Mwezi wa Mei 1950 wakakamatwa wote wawili, na shitaka lililosomwa lilikuwa ya kwamba ni wakubwa wa chama kisichoandikishwa. Makhan Singh akazuiwa mbali na watu mpaka mwaka 1961. Serikali ile ilijua vema ya kwamba asiyeingizwa daftarini aweza kuambiwa hayupo.

Hata leo, chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, watu wanaotaka kuanzisha chama cha wafanyakazi lazima kwanza wapate cheti kwa Msajili kabla ya kukusanya wanachama. Hatulalamiki. Lakini twauliza: ikiwa sisi twaandikishwa kabla ya kukusanya wanachama, kwa nini mtu aachwe akusanye jasho la watu bila kuandikishwa?

Sasa tueleze sheria ilivyo, kwa maana wengi huchanganya mambo mawili. Kuandikisha ni jambo moja, na leseni ni jambo jingine. Kuandikisha hujibu swali: ni nani huyu? Leseni hujibu swali: ameruhusiwa kufanya kazi gani, na mahali gani? Mtu aweza kuwa ameandikishwa Nairobi lakini hana ruhusa ya kufungua mlango Biashara Street. Mwingine aweza kuwa na leseni ya kaunti iliyolipiwa vizuri, na jina lililo katika leseni hiyo si lile lililo juu ya kibao.

Tuanze na kuandikisha. Hii ni kazi ya Serikali ya taifa. Hufanywa na Idara ya Usajili wa Biashara, ile iitwayo BRS, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, na maombi hupelekwa kwa njia ya eCitizen. Asiyeweza kutumia mashine hizo mwenyewe aweza kwenda Huduma Centre ya Mombasa akasaidiwa. Ziko namna ambazo mwanachama atakutana nazo mara nyingi.

Namna ya kwanza ni mtu mmoja afanyaye biashara. Akitumia jina lake halisi peke yake, sheria haimlazimu kuliandikisha kama jina la biashara. Akitumia jina jingine lolote, la baraka, la mji, la mtoto wake au la ndoto yake, lazima aliandikishe chini ya Sheria ya Kuandikisha Majina ya Biashara, ambayo ni sura ya 499 ya sheria za Kenya. Hapa tafadhalini mshike neno moja: jina la biashara si mtu. Ni kanzu iliyovaliwa na mtu. Deni la duka ni deni la mwenye duka, naye hulijibu kwa mali yake mwenyewe. Kwa hiyo katika karatasi za madai huandikwa jina la mtu, kisha maneno "anayefanya biashara kwa jina la" duka fulani. Mahakama yaweza kupokea dai lililoandikwa kwa jina la duka, lakini mwisho wa yote hukumu hulipwa na mtu, hailipwi na kibao.

Namna ya pili ni ubia, yaani watu wawili au zaidi wafanyao biashara pamoja kwa faida. Jina la ubia likiwa si majina halisi ya wabia wote, nalo huandikishwa chini ya sheria ile ile. Usitosheke na kumjua mbia mmoja anayekuja dukani. Yule asiyekuja huenda ndiye mwenye mali.

Namna ya tatu ni kampuni. Chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, hata mtu mmoja peke yake aweza kuunda kampuni. Nayo kampuni, tofauti na jina la biashara, ni mtu mbali machoni pa sheria. Yaweza kumiliki, kudai na kudaiwa, na mwenye hisa asidaiwe kwa deni lake. Jambo hili halikuanza kwetu. Huko London, katika kesi iliyokatwa mwaka 1897, fundi mmoja wa viatu, jina lake Aron Salomon, alikuwa ameiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda yeye mwenyewe pamoja na mkewe na watoto wao 5. Katika hisa 20,007 yeye alikuwa na 20,001. Kampuni ilipoanguka, waliokuwa wakiidai bila dhamana walitaka walipwe na Salomon mwenyewe. Baraza kuu la mahakama ya Uingereza likasema la: kampuni ni mtu mbali na Salomon ni mtu mbali. Wadai wale wakatoka mikono mitupu. Sheria yetu imesimama juu ya msingi ule ule.

Maana yake kwa mfanyakazi ni hii. Ukimshitaki mkurugenzi hali aliyekuajiri ni kampuni, waweza kushindwa kwa kukosea mtu. Na ukiishitaki kampuni isiyo na kitu, waweza kushinda ukabaki na karatasi. Ndiyo sababu twasema ujue mapema, ungali kazini, ni nani aliyekuajiri. Iko faraja kidogo: kampuni ikifilisiwa, Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 huitanguliza mishahara ya miezi 4 ya nyuma, mpaka kiwango kilichowekwa, mbele ya wadai wa kawaida wasio na dhamana. Lakini hata foleni hiyo hawezi kuisimama mtu asiyeweza kuonyesha ya kwamba alikuwa akiifanyia kazi kampuni hiyo.

Je, mtu wa kawaida aweza kulitazama daftari? Ndiyo, aweza. Kwa kulipa ada, mtu yeyote aweza kuomba kwa Msajili apewe habari za kampuni: wakurugenzi wake ni nani na wenye hisa ni nani. Karatasi hiyo hujulikana kwa jina la CR12. Kadhalika aweza kuuliza jina la biashara limeandikishwa na nani. Wengi wa wanachama wetu hawakujua habari hii. Mawakili huijua, mabenki huijua, na mwenye nyumba huitumia kabla ya kukodisha duka. Hakuna sababu mfanyakazi awe wa mwisho kuijua.

Tuje kwenye leseni. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka leseni za biashara na masoko mikononi mwa kaunti. Hivyo tangu mwaka 2013 kazi iliyokuwa ya halmashauri ya mji, ile wazee wetu waliyoiita baladia, ni ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Mwenye duka, hoteli, karakana au godauni hulipia leseni ya biashara ya kaunti kila mwaka, na kiasi hufuata namna ya biashara na ukubwa wake, kama ilivyopangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti. Juu ya hiyo ziko ruhusa za kazi maalum. Auzaye chakula hutakiwa mahali pake pakaguliwe na watu wa afya, na wale washikao chakula hutakiwa wapimwe kila miezi 6. Pia kuna cheti cha zima moto. Na kila biashara hutakiwa iwe na namba ya kodi ya KRA.

Katika habari ya fedha hizi, Katiba yenyewe imesema neno lenye nguvu. Kifungu cha 210 chasema ya kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa, kusamehewa au kubadilishwa ila kwa sheria. Basi shilingi yoyote itakayotakiwa mlangoni na mtu asiyeonyesha sheria wala kutoa risiti si ada. Malipo ya eCitizen hupitia namba moja, 222222, nayo ya kaunti yana njia zake zilizotangazwa. Mkono wa askari si njia mojawapo.

Sasa twafika penye kiini cha maneno yetu. Ziko karatasi za tatu ambazo tajiri mwingi huziruka, hata yule aliye na cheti safi na leseni safi. Hizi ndizo karatasi za mfanyakazi.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka mahali pa kazi pawe pameandikishwa kwa Mkurugenzi wa usalama kazini kabla ya mtu kuanza kupatumia. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima iundwe kamati ya usalama, na wafanyakazi wawe na wajumbe ndani yake. Sheria ya fidia kwa walioumia kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, yamtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya watu wake. Kisha kuna NSSF, ambamo mwajiri hujiandikisha, humwandikisha mfanyakazi, na hutoa sehemu yake juu ya ile anayomkata. Na kuna SHA, iliyochukua mahali pa NHIF tangu Oktoba 1, 2024, ambayo hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara.

Hebu fikirini hamali wa godauni la Shimanzi aliyeangukiwa na gunia akavunjika mguu. Kama tajiri wake ameandikisha mahali pa kazi na amekata bima, iko njia iliyonyooka. Kama hakufanya hivyo, haki ya hamali haikufa, maana sheria yamlazimu tajiri alipe hata hivyo; lakini njia imekuwa ndefu, na mguu uliovunjika haungoji njia ndefu. Au fikirini mshonaji wa Biashara Street aliyekatwa fedha za NSSF miaka mingi, na siku ya kuzeeka akaambiwa kitabu chake ni kitupu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii wazee waliitunga kwa wenye mali, lakini mali ya mfanyakazi ni siku zake alizofanya kazi, nazo pia zataka daftari.

Kwa hiyo ukumbuke na karatasi iliyo yako mwenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema ya kwamba mkataba wa kazi wa miezi 3 au zaidi lazima uandikwe, na kazi ya kuuandika ni ya mwajiri, si yako. Ndani ya miezi 2 tangu kuanza kazi wapaswa kupewa maandishi yenye habari za kazi yako, na miongoni mwa habari hizo ni jina la mwajiri. Si jina la kibao. Jina la mwajiri. Wapaswa pia kupewa karatasi ya mshahara ionyeshayo kilichokatwa na sababu yake. Na kama tajiri hakuandika kitu, kisha mkaenda mbele ya hakimu, sheria hiyo humtwika yeye mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania. Hii ni silaha kubwa, lakini ina muda wake: dai la mkataba wa kazi lazima lifike mahakamani ndani ya miaka 3. Anayengoja kwa haya au kwa kuogopa lawama aweza kuamka miaka imekwisha.

Tuseme neno juu ya siku za msako. Askari wa kaunti hupita, hukuta leseni imekwisha, duka likafungwa. Nani huwa amesimama mlangoni? Ni mfanyakazi, maana tajiri yuko nyumbani. Mfanyakazi ndiye hufokewa, na jioni huambiwa ya kwamba leo hapakuwa na kazi, kwa hiyo hakuna mshahara. Msimamo wa chama chetu ni huu, nasi hatutauacha: leseni ni deni la mwenye biashara. Mfanyakazi aliyekuja kazini kwa saa yake, tayari kufanya kazi, asipokonywe mshahara wa siku iliyofungwa kwa kosa la tajiri. Matawi yatie sharti hili katika kila mapatano mapya.

Ndugu zetu wa Mji wa Kale wana jambo lao la ziada. Mitaa ile ya Ndia Kuu, Kibokoni na pande za Bandari ya Kale ni eneo la hifadhi, lililotangazwa na Serikali mwanzoni mwa miaka ya 1990, na leo iko Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006. Mwenye kutaka kubomoa ukuta, kubadili mlango wa nakshi, kuondoa roshani au kutundika kibao kikubwa hana budi kwanza kupata idhini ya Ofisi ya Hifadhi ya Mji wa Kale iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa, mbali na ruhusa ya kaunti. Twawaambia mafundi waashi na maseremala: kabla ya kupanda jukwaa, ombeni kuonyeshwa idhini. Kazi ikisimamishwa katikati, tajiri hupoteza siku, lakini fundi wa kutwa hupoteza chakula cha watoto. Na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukishabomolewa haurudi tena kwa faini.

Tusiwe na upande mmoja tu. Twajua ya kwamba si kila tajiri asiye na karatasi ni mwivi. Yuko mwenye duka dogo Kuze anayeuza sukari kwa robo kilo, na yuko mama apikaye mahamri na mbaazi alfajiri kwa watu wa bandarini. Kwao ofisi ni nyingi, ada ni nyingi, na maneno ya fomu ni ya Kiingereza. Tena wengi wao ni watu wetu: mwanachama aliyestaafu, mke wa mwanachama, hamali aliyenunua mkokoteni wake mwenyewe baada ya miaka ya kuvuta wa mtu. Hao hatuwaambii wajifiche, maana anayejificha hutozwa kila siku na kila apitaye, wala hawezi kwenda benki, wala kupata kazi ya kuipelekea ofisi kubwa chakula. Twawaambia wafuate mpango: kwanza jina, kisha namba ya kodi, kisha leseni ya kaunti pamoja na ruhusa ya afya kama ni chakula, na kila risiti itiwe mahali pamoja. Wale wafanyao kazi ya namna moja wafikirie ushirika. Watu 10 watosha kwa sheria kuanzisha chama cha ushirika. Na siku utakapomweka kijana wa kukusaidia, kumbuka ya kwamba nawe umekuwa tajiri. Mwandikie jina lako.

Kwa Serikali ya Kaunti tuna maombi matatu, na twayasema bila kuzungukazunguka. Orodha ya ada za leseni ibandikwe kwa Kiswahili Marikiti, Mwembe Tayari na kila mahali pa kulipia, ili mtu ajue kiasi kabla hajafika dirishani. Duka linapofungwa, sababu iandikwe. Kifungu cha 47 cha Katiba humpa haki ya kupewa sababu kwa maandishi mtu anayedhurika kwa amri ya ofisi. Na mwombaji wa leseni mwenye wafanyakazi aulizwe kama ameandikisha mahali pa kazi na kama watu wake wako NSSF. Kaunti yaweza kuuliza habari ya moto na choo. Yaweza kuuliza na habari ya watu.

Kwa matajiri twasema: mwenye nia safi haoni tabu kuonyesha jina lake. Mfanyakazi anayeuliza si adui. Ni mtu anayetaka kujua nyumba anayoilinda ni ya nani.

Nanyi ndugu wanachama, mnayo kazi ya kufanya mwezi huu, nayo haina gharama kubwa. Soma cheti kilicho ukutani na leseni iliyo kando yake, uandike majina yote mawili kama yalivyo, herufi kwa herufi. Yalinganishe na jina lililo katika karatasi yako ya mshahara au katika ujumbe wa pesa unaoupata kwa simu. Uliza NSSF kama michango yako imefika, na kwa jina la mwajiri gani. Kama huna mkataba wala karatasi ya mshahara, andika katika daftari lako mwenyewe siku uliyoanza, kazi yako, mshahara wako, na majina ya wenzako wawili waliokuwapo. Kisha ulete habari hizo kwa mwakilishi wa tawi. Kila tawi lifungue kitabu cha matajiri: jina la kibao, jina la kisheria, mahali, na watu wangapi waajiriwa. Palipo na shaka, chama kitaomba habari kwa Msajili, na ada itatoka katika mfuko wa chama, isitoke kwa mtu mmoja.

Asiwepo mtu wa kwenda peke yake kugombana na tajiri wake kwa ajili ya makala hii. Msiulize kwa hasira, wala mmoja mmoja. Ulizeni kwa pamoja na kwa adabu, kupitia mwakilishi. Swali likiulizwa na mtu mmoja huitwa ujeuri. Likiulizwa na duka zima huitwa haki.

Zamani jina la tajiri lilining'inia katika shingo ya mfanyakazi. Leo na liandikwe mahali pa wazi, ambapo mfanyakazi aweza kulisoma, kulinakili, na kulipeleka mbele ya sheria siku itakapohitajika.

Umoja ni nguvu.